Jibu Liko Stoo: kazi yangu ya ushauri, safari zangu na ninavyovipenda

Watu wakisikia mimi ni mshauri wa menejimenti, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: sasa wewe kijana unamshauri nini mtu aliyeanza kuendesha kampuni kabla hujazaliwa? Ni swali la haki, na ningependa kulijibu kwa kirefu, kwa sababu kulitafutia jibu ndiko kulikonifanya niipende kazi hii. Simfundishi mtu kuendesha kampuni yake. Naenda mahali ambapo yeye hana muda wa kwenda, nakaa na watu ambao hapati nafasi ya kukaa nao, halafu narudi mezani kwake na picha ambayo sote tunaweza kuiangalia kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye picha hiyo tayari anaijua mtu fulani humo humo ndani. Ila mtu huyo haitwi kwenye vikao.

Kazi huanza na karatasi. Mteja anaandaa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayotaka ifanywe, kampuni za ushauri zinaandika maandiko yao ya kuiomba kazi hiyo, anachagua moja, mkataba unasainiwa. Kisha inakuja ripoti ya awali, ukusanyaji wa taarifa, rasimu, kikao cha wadau, ripoti ya mwisho. Ukiangalia ratiba tu utadhani ni kazi ya kuandika. Mimi hadidu za rejea huzisoma na kuzirudia, kalamu mkononi, maana mara nyingi suluhisho limeshaandikwa humo kabla tatizo lenyewe halijachunguzwa. Mshauri atapendekeza mfumo unaofaa wa kompyuta. Mshauri atakokotoa idadi ya wafanyakazi wa kuongezwa. Nani kasema shida ni mfumo? Nani kasema watu hawatoshi? Hayo ndiyo maswali ya wiki ya kwanza, na yanataka kuulizwa kwa adabu, kwa sababu aliyeziandika hadidu hizo ndiye anayekulipa.

Mradi ambao hautoki kichwani mwangu ni wa kampuni moja inayosambaza vipuri. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba mizigo inachelewa, na hadidu za rejea zilitutaka tukokotoe malori mangapi yaongezwe. Takwimu kwenye lahajedwali, jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, zilionekana kuunga mkono hoja hiyo: malori yaliyopo yalifanya safari chache kuliko zilizopangwa, siku zote, mwezi hadi mwezi. Niliomba ruhusa ya kushinda stoo. Nikapewa kiti karibu na dirisha la kutolea mzigo, pembeni ya karani mtu mzima ambaye kila mtu pale alimwita Mzee.

Alfajiri malori yalikuwa yamepangwa, yameshaoshwa, madereva wote wapo. Mzigo umeshachambuliwa na kupangwa kwa majina ya wateja. Lakini hakuna kinachopakiwa. Mzee alikuwa na kitabu cha hati za kutolea mzigo, kila hati ina nakala tatu, nyeupe, ya pinki na ya njano, na karatasi ya kaboni iliyochakaa kiasi kwamba nakala ya tatu ilisomeka kwa kuielekeza dirishani. Hati haitoki bila mhuri wa uhasibu. Uhasibu hawagongi mhuri mpaka wahakikishe mteja hajapitisha kiwango chake cha mkopo. Hawawezi kuhakikisha mpaka malipo ya jana yaliyoingia benki yaingizwe kwenye mfumo. Na anayeyaingiza ni mtu mmoja, akishamaliza kazi nyingine za asubuhi. Saa tano ndipo hati zinaanza kurudi, zote kwa mkupuo, na hapo kila lori linataka kupakiwa kwa wakati mmoja kwenye mlango mmoja. Tangu alfajiri madereva walikuwa wamelala chini ya malori yao.

Nilimuuliza Mzee hali hiyo imeanza lini.

“Tangu walipoleta mfumo, mwanangu,” akanijibu huku akilamba kidole afungue ukurasa. “Wateja wengi hawa tunawajua, wanalipa vizuri. Wangepitishwa jioni, saa moja asubuhi magari yako barabarani.”

“Uliwahi kuwaambia, Mzee?”

“Nani aliniuliza?”

Tulifanya majaribio kwa wateja wenye rekodi safi ya malipo, wakawa wanaidhinishwa jioni ya kuamkia siku ya mzigo. Malori yakaanza kutoka asubuhi, foleni ya mlangoni ikapungua kwa sababu hati hazikuja tena kwa mkupuo, na habari ya kununua malori ikawekwa kando. Kwenye ripoti tuliandika pendekezo limetoka kwa nani, kwa ridhaa yake, na katika kikao cha mwisho Mzee aliitwa aeleze mwenyewe. Alieleza vizuri kuliko slaidi zetu zote. Tangu siku ile sikubali ratiba ya mradi isiyokuwa na muda wa kukaa pale kazi inapofanyikia. Mahojiano ya saa moja na mkuu wa idara hayatoshi, hata awe mkweli vipi, kwa sababu mkuu wa idara anakueleza kazi inavyotakiwa kufanyika.

Kuna kanuni moja ya hesabu ninayoitumia karibu kila mradi, na nikipewa nafasi ningeifundisha kwa kila msimamizi wa ofisi. Inaitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little aliyeithibitisha mwaka 1961. Inasema idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo, kwa wastani, ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa humo. Basi. Mezani kuna mafaili 200, ofisi inamaliza 40 kwa siku, basi faili linaloingia leo litatoka baada ya siku 5 hivi. Huhitaji kujua mafaili yanaingia kwa mpangilio gani wala yapi ni magumu. Naipenda kanuni hii kwa sababu inawaondolea watu lawama zisizo zao. Nimekuta watumishi wanaofokewa kila siku kwamba ni wavivu, kumbe kila mmoja anafanya kazi kwa kasi ile ile ya miaka yote. Kilichoongezeka ni rundo lililoachwa likue kipindi fulani cha nyuma na halikuwahi kupunguzwa. Ukiwaonyesha hesabu hiyo, sura zao hubadilika. Mtu anavuta kiti, anaanza kukwambia mambo mengine ambayo hukumuuliza.

Nusu ya pili ya kazi ni kuandika, na hapa nina deni kwa mwanamke mmoja ambaye sijawahi kukutana naye. Barbara Minto aliajiriwa na kampuni ya ushauri ya McKinsey mwaka 1963, akiwa mwanamke wa kwanza mwenye shahada ya uzamili ya biashara kuingia pale kama mshauri. Baadaye alipelekwa London kuwasaidia wenzake wa Ulaya waandike ripoti zinazoeleweka, na kutokana na kazi hiyo akajenga utaratibu unaofundishwa mpaka leo: anza na jibu, kisha weka sababu chini yake, na sababu hizo zipangwe kwa makundi yasiyoingiliana na yasiyoacha kitu nje. Shuleni tulizoeshwa kinyume chake. Utangulizi, usuli, mbinu, matokeo, halafu ukurasa wa mwisho kabisa ndipo msomaji anaambiwa umegundua nini. Mkurugenzi mwenye dakika kumi kabla ya kikao hafiki ukurasa huo.

Kwa hiyo kichwa cha slaidi zangu huwa ni sentensi kamili yenye kitenzi. “Hali ya Usafirishaji” hainiambii lolote. “Malori yanasubiri mhuri wa uhasibu hadi saa tano” ni habari, na mtu anaweza kuikubali au kuikataa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Sentensi ya namna hiyo inamgusa mtu, ana jina na cheo, na huenda amekaa hapo hapo mezani. Vichwa visivyosema kitu vimejaa kwenye ripoti kwa sababu vinamlinda mwandishi. Mimi nadhani mshauri anayejilinda namna hiyo anamnyima mteja kile hasa alichokilipia.

Nisipite bila kusema jambo ambalo vijana wengi wa fani hii hulikwepa. Tukiingia kwenye ofisi ya watu, mazungumzo hukatika. Wanajua mshauri akija, watu hupunguzwa. Wakati mwingine ni kweli. Nimeamua kwamba siku ya kwanza nitaeleza nimeletwa kufanya nini, nani atasoma nitakachokiandika, na nini sitakiandika hata nikiambiwa. Kama mradi unahusu idadi ya wafanyakazi, nasema unahusu idadi ya wafanyakazi. Kuna wanaoona hivyo ni kujifungia milango ya taarifa. Naona ni kinyume chake, na hata kama wangekuwa sahihi, siwezi kumchekea mama wa mapokezi wiki nzima huku najua meza yake imo kwenye jedwali langu.

Taaluma hii ina historia ya kujivunia na historia ya aibu, na anayeingia anapaswa kuzijua zote mbili. Mwaka 1886 mkemia Arthur D. Little alianza kuviuzia viwanda utaalamu wa maabara mjini Boston. Mwaka 1926 James O. McKinsey, profesa wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifungua kampuni yake akiamini kwamba hesabu zinaweza kumwongoza meneja kupanga ya kesho na siyo kumwandikia ya jana tu. Marvin Bower, mwanasheria aliyejiunga naye mwaka 1933, ndiye aliyesisitiza kwamba maslahi ya mteja yatangulie na mshauri awe tayari kumwambia asichotaka kusikia. Halafu njoo huku. Kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen ilikuwa ikikagua hesabu za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, na wakati huo huo ikiiuzia ushauri. Enron ikaomba kinga ya ufilisi Desemba 2001, Andersen ikasambaratika mwaka uliofuata, na mwaka 2002 huo huo Marekani ikatunga sheria ya Sarbanes-Oxley inayomzuia mkaguzi kumuuzia anayemkagua sehemu kubwa ya huduma za ushauri. Mwaka 2021 McKinsey yenyewe ilikubali kulipa takriban dola milioni 573 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani kuhusu ushauri iliowapa watengenezaji wa dawa za opioidi, dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu. Mtu akiniuliza kama mshauri anabeba dhamana ya kinachofanywa kwa ushauri wake, nasema anaibeba. Hatuwezi kujisifu pale mteja anapofaulu kwa ushauri wetu, kisha akidhuru watu tukasema sisi tulikuwa tunashauri tu. Kuna kazi nilizoombwa kushiriki nikakataa, na nashukuru waliokuwa juu yangu walinielewa.

Sasa safari, maana ndizo ndugu na marafiki wanazozionea wivu. Kwenye kampuni nyingi kubwa utaratibu uliozoeleka ni kuondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Alhamisi jioni, Ijumaa ukawa ofisini kwenu. Mji unauona kupitia kioo cha gari, usiku, ukitoka kwa mteja. Ila wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kazi yetu yote imejengwa juu ya hilo: jicho geni huona kile ambacho jicho lililozoea limeshaacha kukiona. Wahenga hao hao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mshauri anayeendelea kuhesabiwa mgeni wiki ya tatu, anayeletewa kila kitu chumba cha mikutano, hataona kitu.

Mwili una sheria zake, na nimejifunza kuziheshimu. Hewa ndani ya ndege ya abiria hubanwa mpaka hali ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari, na unyevu wake huwa chini ya asilimia 20, ndiyo maana unashuka koo limekauka na kichwa kizito hata kama hukufanya lolote. Saa ya ndani ya mwili huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24, kwa hiyo kwenda magharibi, ambako siku inarefuka, hukubalika upesi kuliko kwenda mashariki. Kwa kawaida mwili hudai siku moja hivi kwa kila saa ya tofauti. Nikifika mahali natoka nje kwenye mwanga kwa saa zinazofaa, natembea, na sipangi kikao kizito siku ya kwanza. Kwa mshauri aliyechoka, swali la pili halimjii, na swali la pili ndilo lenye faida.

Viwanja vya ndege navipenda kwa dhati. Ni mahali pachache ambapo foleni, saa, mizigo na watu wenye wasiwasi vinaonekana vyote kwa pamoja, bure, kwa mtu anayetaka kujifunza. Mwaka 2008 mwanafizikia wa anga Jason Steffen alichapisha hesabu zake kuhusu namna ya kupandisha abiria. Aliona kwamba ukianza na wa dirishani, ukiwapanga safu kwa kuruka safu, watu wengi huinua mizigo yao kwa wakati mmoja badala ya kusubiriana kwenye ujia. Njia iliyozoeleka ya kupandisha abiria kwa vikundi kuanzia nyuma hufanya vibaya, kwa sababu kundi zima hubanana sehemu moja. Hata hivyo mashirika mengi bado hutanguliza waliolipia kutangulia. Nikiwa kwenye foleni hiyo naikumbuka hesabu ya Steffen na najikumbusha kwamba jibu sahihi la hesabu bado lazima lipite kwa mhasibu, kwa idara ya mauzo na kwa mteja aliyezoea kuingia wa kwanza.

Sehemu nyingine niliyotamani kuiona kabla ya kumbi maarufu za watalii ni jukwaa la treni za mwendokasi kwenye stesheni ya Tokyo. Treni za JR East, kampuni ya reli ya Japani, zikifika hapo husimama kama dakika 12 kabla ya kugeuza, na wasafishaji wana dakika 7 tu. Niliwatazama kupitia madirisha. Mtu anapita ujiani akikusanya taka, viti vinazungushwa vielekee upande mpya wa safari, vitambaa vyeupe vya kichwani vinakaguliwa na kubadilishwa, vimeza vinafutwa, jicho linapita juu ya rafu kutafuta kilichosahaulika. Kisha wanatoka, wanajipanga, wanainamia abiria, treni inafunguliwa. Nilibaki jukwaani nikitazama treni baada ya treni. Kilichonivutia zaidi ya kasi ni kwamba hakuna aliyemwuliza mwenzake afanye nini. Nani anaanza wapi, kitambaa kipi mkono upi, yote yameshafikiriwa, na huwezi kuyafikiria hayo ukiwa kwenye chumba cha mikutano.

Kwenye ndege huchagua dirisha, kwenye mji mgeni huchagua miguu. Siku ya mapumziko naamka mapema, naacha kompyuta, natembea bila kupanga mpaka nipotee kidogo, kisha natafuta njia ya kurudi kwa kusoma mabango. Mabango nayapenda kiasi kwamba wanaosafiri nami hulazimika kunisubiri. Alama za njano za uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, zilizosanifiwa na Benno Wissing mwaka 1967, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuchukulia uwanja mzima kama sentensi moja inayosomwa ukitembea. Adrian Frutiger alichora herufi za uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris, uliofunguliwa 1974, zisomeke kwa mbali na kwa pembeni, na mtu anayekimbilia lango lake. Harry Beck, mchoraji wa saketi za umeme, alichora ramani ya treni za chini ya ardhi za London mwaka 1931 akiachana na umbali halisi na kunyoosha mistari. Walioipokea waliikataa kwanza, ikachapishwa kwa umma mwaka 1933 na wasafiri wakaielewa mara moja. Beck alijua msafiri aliye chini ya ardhi hahitaji kujua mto unapinda wapi. Anahitaji kujua abadilishie wapi treni. Kila nikijaza slaidi kupita kiasi huifikiria ramani hiyo.

Kutoka kwenye ramani nikaingia kwenye michoro ya takwimu, na huku ndiko moyo wangu uliko. William Playfair alichapisha chati za mistari na nguzo mwaka 1786, na ukizitazama leo unashangaa jinsi zilivyo safi. Ila ninaoupenda kuliko yote ni ramani ya John Snow ya kipindupindu.

Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa ulilipuka mtaa wa Soho, London, na katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa ndani ya eneo dogo la kutembea kwa dakika chache. Madaktari wengi waliamini ugonjwa unatokana na hewa chafu. Snow, aliyekuwa daktari, alishuku maji, na alishuku kisima cha Broad Street. Ramani yake ina vistari vyeusi mbele ya kila nyumba iliyofiwa, kistari kwa kila maiti, na ukiitazama macho yanaenda yenyewe kwenye pampu. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa kwenye semina zetu: mtu alichora ramani, akaona jibu. Haikuwa hivyo. Pampu iliondolewa mpini tarehe 8 Septemba, na ramani ilionyeshwa miezi baadaye. Kilichotangulia ni miguu. Snow alipita kwenye milango ya waliofiwa akiuliza maji yalichotwa wapi. Alifuatilia hasa wale ambao hawakupaswa kufa na wale ambao hawakupaswa kupona. Kiwanda cha bia kilikuwa pale pale mtaani na wafanyakazi wake zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Walikuwa na kisima chao na walikunywa bia. Nyumba ya kutunzia maskini iliyozungukwa na vifo ilipoteza watu wachache tu. Nayo ilikuwa na kisima chake. Na mbali kabisa, Hampstead, alikufa mjane ambaye mtaa wake haukuwa na ugonjwa. Mwanawe akaeleza: mama aliwahi kuishi Broad Street, aliyapenda maji ya pale, akawa analetewa kwa mkokoteni.

Bado kuna mtu wa pili, na huyu ndiye ninayemsimulia zaidi. Henry Whitehead alikuwa kasisi kijana wa mtaa ule ule. Hakuamini hoja ya Snow, akaamua kuichunguza ili aipinge. Aliwajua wakazi kwa majina, waliohama aliwafuata, aliingia kwenye nyumba moja mara nyingi kuliko daktari yeyote. Ushahidi ukambadilisha mawazo, na ni yeye aliyempata mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya mlipuko, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililokuwa karibu sana na kisima. Takwimu za Snow bila mwenyeji wa mtaa zingebaki na pengo hapo. Nimeibandika nakala ya ramani hiyo juu ya meza yangu, na wanafunzi wa mafunzo kazini wakija huwaomba wanionyeshe pampu. Wakishaiona nawauliza wanadhani kistari kimoja kilichukua muda gani kupatikana.

Mengine ninayoyapenda ni madogo. Penseli kuliko kalamu, kwa sababu mchoro wa kwanza wa jambo lolote unatakiwa uweze kufutwa mbele ya mteja, na mteja akiona unafuta huchukua penseli naye. Daftari lisilo na mistari. Muziki usio na maneno nikiwa kwenye lahajedwali, na ukimya kabisa nikiwa naandika. Kukimbia asubuhi, polepole, bila kitu masikioni. Vitabu vya wasifu wa watu waliofanya kazi moja miaka mingi, mabaharia, wakunga, mafundi saa. Begi moja la kuingia nalo ndani ya ndege, na viatu ambavyo vinaweza kuingia kikao cha bodi na sakafu ya stoo siku hiyo hiyo. Nisichokipenda ni chati ya duara yenye vipande kumi na viwili, na maneno “mbinu bora za kimataifa” yakitajwa bila kusema ni za nani na zilifanya kazi katika mazingira gani.

Naulizwa pia nitaifanya kazi hii mpaka lini. Wengi huiacha baada ya miaka michache, wakaenda kuajiriwa na wateja wao au kuanzisha ya kwao, na sioni ubaya. Mimi bado nataka kubaki, ila nataka miradi yangu izidi kusogea kwenye huduma za umma, maji na afya hasa, ambako saa moja ikiokolewa kwenye foleni inamrudia mtu mwenyewe. Mradi unaonisubiri sasa ni wa dirisha la dawa katika hospitali moja kubwa. Hadidu za rejea zinataka mfumo mpya wa kompyuta. Nimeomba ratiba ianze na siku za kukaa dirishani na watoa dawa, na mteja amekubali. Nimeomba pia nikutanishwe na walinzi wa zamu ya usiku, kwa sababu wao ndio wanaowapokea wagonjwa wanaofika kabla dirisha halijafunguliwa, na kwenye takwimu tulizotumiwa saa hizo zimeachwa wazi.